Shanga za Kiuno cha Mama

Lipangalala, Ifakara
21 Septemba 1998

Kwako Dada Mina,

Shikamoo dada yangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji Sefu na watoto wote hapo Kidatu, na kwamba yule mdogo kifua kimeshamwachia. Sisi huku tunaendelea vizuri. Joto limewahi mwaka huu, na vumbi la Lipangalala unalijua, nguo ukizifua asubuhi jioni unazifua tena. Malaria ilinipitia mwezi wa saba, nikameza vidonge, nikainuka. Kule shambani Lumemo maji ya El Nino yaliondoka na majaruba yetu ya mpunga ya chini yote, lakini ya juu tulivuna, cha kula kipo, njaa hatuna. Deogratias anakusalimu sana. Bado ni mtu wa mtumbwi na kambare wake, akirudi mtoni nyumba nzima inanuka samaki mpaka madaftari ya watoto.

Barua yako niliipata kwa mkono wa Gosbert, huyu jirani yetu anayepeleka mchele huko. Nimeisoma. Nikaikunja nikaiweka chini ya godoro, nikaitoa nikaisoma tena, na sasa imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Najua nimekaa kimya. Gosbert amekwenda Kidatu na kurudi, na kila akipita hapa alikuwa ananiuliza kama jibu liko tayari, nami namwambia kesho, kesho, mpaka ameacha kuuliza. Siku hizi ananisalimia tu na kuangalia pembeni, kama vile aibu ni yake.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza ni zile shanga za mama, ziko wapi, maana Sada anaolewa mwezi wa kumi na moja na unataka afungwe za bibi yake. La pili umeliandika chini kabisa, baada ya jina lako, kwa herufi ndogo kama kitu kilichokuponyoka. Umeuliza tena kama kweli mama hakuacha neno. Umesema kama aliondoka na kinyongo chake nikuambie tu, utavumilia, lakini usiendelee kukaa hujui. Dada, niliposoma hapo nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mimi nakumbuka yote. Nakumbuka siku ulipoondoka kijijini kwetu Mbingu kumfuata shemeji, Mwislamu wa Ujiji aliyekuja kukata miwa, na jinsi mama alivyoapa. Hakukanyaga Kidatu hata mara moja. Na ulipokuwa unakuja na mchele wako na nyama yako na sukari yako, alikuwa anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, kisha ukishaondoka anawagawia majirani vyote, yeye haonji. Ulikuwa unajua. Ulikuwa unaleta hivyo hivyo.

Nitakujibu yote mawili. Lakini niache nianzie ninapoweza, maana nikianza na lenyewe kalamu itanishinda. Unanijua mdogo wako, kusema ni mwepesi, kusema kweli ndiko kunakonipa tabu.

Kazi yangu unaijua kwa kusikia tu, hujaiona. Natengeneza vidani. Sio vya hizi shanga za plastiki za sokoni, ambazo ukioga nazo mara moja zimepauka. Vyangu ni vya vitu vya zamani. Napanda baiskeli, nafuata njia ya Mlimba, naingia Mbingu na vijiji vya jirani, nimebeba sabuni na chumvi na kanga mpya, nakwenda kukaa na bibi zetu mikekani. Wana vitu humo makashani, dada, we acha tu. Shanga nyekundu nzito ambazo ukizivunja ndani ni nyeupe. Shanga za bluu zilizokuja hapa kabla ya Wajerumani. Bangili za shaba zilizolika upande mmoja kwa kuvaliwa, vikuku, senti zenye tundu za enzi za mkoloni, hereni ya fedha iko peke yake, mwenzake alibaki mtoni. Mimi nawapa kipya, wao wananipa cha zamani, na kila mmoja wetu anaona amempiga mwenzake bao.

Nikifika nyumbani naziloweka kwenye beseni, maji ya uvuguvugu na sabuni, nazisugua kwa mswaki. Shaba naisugua kwa ndimu na majivu mpaka iamke. Halafu natandika kitenge sakafuni na kuanza kupanga, na hapo Deogratias anajua hakuna wa kumpikia. Nyuzi zao zimeoza, kwa hiyo nazikata, natunga upya kwa nailoni ya mishipi yake, ambayo haikatiki hata ukimvuta mamba. Bangili iliyopinda naikata vipande, navitoboa, navitia katikati ya shanga. Wanakuja kununua wauguzi, wageni wa miradi, walimu, mabibi harusi. Kuna mgeni mmoja alivaa chake akanunua na cha mama yake aliye Ulaya. Nakuambia haya nikiwa sina cha kujisifia leo, lakini mkono wangu unajua kazi, hilo hata adui yangu atasema.

Ila tangu nianze nilijiwekea mpaka mmoja. Shanga za kiunoni sipokei. Bibi akinifungulia fundo lake namuuliza kwanza, bibi, hizi za shingoni au za kiunoni? Akiangalia chini akacheka, basi nimejua, namrudishia. Si mambo ya dini wala sheria, ni kuona haya tu. Kitu ambacho mtu amekaa nacho ndani ya nguo tangu usichana wake, hakijaonwa na mwingine ila mume, wewe ukitundike shingoni kwa mtu apite nacho sokoni? Na hapa kwetu sina haja ya kukufundisha. Unajua katika ukoo wetu za mama anapewa binti wa kwanza, zinatoka kiunoni zinakwenda kiunoni, na mwanamume hazibebi hata kwenye mfuko.

Za mama sidhani kama uliwahi kuziona zote. Alikuwa mtu wa kujificha hata akioga na sisi mtoni. Mimi nimeziona kwa sababu nilimuuguza. Nyekundu iliyokolea, mistari mitatu, bluu imetiwa mojamoja. Ubavuni kushoto kulikuwa na pingili ndogo ya shaba ambayo baba aliikata kwenye waya akaikunja mwenyewe, kuziba pengo la shanga iliyopasuka. Mama alituambia habari ya pingili hiyo siku moja tukitwanga, unakumbuka, kisha akaona haya akatufukuza na mchi mkononi. Uzi aliusokota yeye, umekuwa mweusi kwa mafuta na jasho. Alipofariki, ile Februari, barabara imekatika, treni haionekani, na wewe uko hospitali na mshono tumboni na kichanga pembeni, Bibi Kristina na wazee wenzake ndio waliomwosha. Bibi Kristina alizikata kwa wembe, akazifunga kwenye leso, akaniwekea kiganjani. Akasema mbele ya wote kwamba hizi ni za Wilhelmina, yaani zako, mimi natunza tu. Nikaitikia.

Sasa dada, kama umesimama kaa chini. Shanga hizo nilizitungia kidani. Na kidani hicho kilivikwa Bikira Maria, kanisani, mbele ya watu wote, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni.

Ilivyokuwa ni hivi. Mwezi wa saba Mama Yosefina, mwenyekiti wa akina mama wa kanisani kwetu, alipita nyumbani. Alisema mwaka huu wamechoka na maua ya plastiki, wanataka sanamu ipambwe kwa kazi za mikono ya wanawake wa hapa hapa, na mimi nitoe kidani kimoja. Nikamwonyesha vilivyokuwa msumarini sebuleni. Hakuvitazama. Upepo ulikuwa umepeperusha pazia la chumbani akaona kimoja kimetundikwa ndani, peke yake, akaingia mwenyewe akakitoa. Unamjua Mama Yosefina, kwake yeye mlango ni wa kuzuia kuku. Akakipeleka kwenye mwanga, akakigeuza mkononi. Kisha akasema hiki ndicho, na kwamba tangu azaliwe hajaona kitu kama hicho.

Ningesema hapana. Ningesema kina mwenyewe, na ingekuwa kweli tupu. Lakini dada, ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzifanya, na hakuna mtu aliyekuwa ameiona. Nilitunga mistari mitatu inashuka, kila mmoja mrefu kuliko wa juu yake, bluu zote nikazikutanisha kifuani, pingili ya baba nikaiweka katikati, na chini kabisa senti moja yenye tundu niliyoisugua mpaka ikawaka. Nilimtazama Mama Yosefina akikitazama, nikaona raha. Ndiyo hivyo, raha. Nikamwambia achukue.

Siku yenyewe kanisa lilijaa mpaka nje. Sanamu ikabebwa na wasichana wenye nguo nyeupe, ngoma zinalia, vigelegele, maua yanatupwa, na kidani kinameremeta juu ya lile joho la bluu. Padre Fulgensi akakifukizia ubani. Kwenye mahubiri akasema tuangalie jinsi vitu vya bibi zetu, tulivyovisahau makashani, vinavyoweza kurudi kumtukuza Mama wa Mungu, akalitaja jina langu, akasema nisimame watu wanione. Nikasimama. Jamani, nilisimama! Nikajifunga kanga vizuri, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, watu wakapiga makofi. Nilipokuwa nakaa, macho yangu yakaenda benchi la mbele wanapokaa wazee wa kike. Bibi Kristina alikuwa ameinuka nusu, ameshika benchi kwa mikono miwili. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama ile pingili ya shaba. Akamnong'oneza wa pembeni, wa pembeni akaziba mdomo kwa kanga, wa tatu akaanza kujipiga ishara ya msalaba bila kuacha, na kabla hatujafika kwenye sadaka benchi zima la waliomwosha mama lilikuwa limeshajua nini kiko shingoni mwa Bikira Maria.

Sijui nilivyofika mwisho wa Misa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Komunyo sikwenda kupokea, na mtu aliyesifiwa mimbarini asipokwenda kupokea watu wanaona.

Wazee waliniita nyumbani kwa Bibi Kristina. Hawakupiga kelele, na afadhali wangenitukana. Bibi Kristina aliniuliza swali moja tu, kama zile ni zile anazofikiri yeye. Nikasema ndizo. Wakaendelea kunitazama, nami macho hayo yakanishinda, nikaanza kuongea. Niliwaambia nilikuwa nimezianika juani zisiingie wadudu, na beseni langu la kazi liko karibu, mtoto akaliparamia, leso ikaangukia humo, uzi uliooza ukakatika, zikachanganyika na nyingine, nikawa sijui tena ipi ni ipi. Waliniamini, dada. Bibi Kristina alinifuta machozi kwa kanga yake mwenyewe, akanipa pole kwa kubeba mzigo kama huo peke yangu. Mwenzake mmoja akasema Bikira Maria naye ni mwanamke na ni mama wa mtoto, kiuno anacho, hawezi kukasirikia shanga. Hapo mmoja akaguna, mwingine akapasuka kicheko, na wote wakacheka mpaka wakalia, wakimkumbuka mama alivyokuwa na haya zake, leo anapelekwa kwa maandamano. Nami nikacheka nao, Mungu anisamehe. Lakini nilipokuwa natoka Bibi Kristina akanishika kifundo cha mkono. Alisema mwenye shanga ni lazima aambiwe, na wao hawatamwambia, nitamwambia mimi.

Siri ya benchi zima haikai, hilo unajua. Wanaume mpaka leo hawajui kitu, wanashangaa tu kwa nini wake zao wakifika mbele ya sanamu wanaangalia miguu. Wanawake wanajua wote. Nilikwenda Mbingu na baiskeli yangu, na kabla sijashuka bibi mmoja akawapigia kelele majirani wafunge viuno vyao vizuri, Balbina anakuja. Walicheka, walinikaribisha, walinipa na ugali. Ila hakuna aliyefungua kasha. Nikarudi na sabuni zangu zote.

Nilikuwa bado najitia hamnazo, nikisema likipoa nitaona cha kufanya. Ndipo ikaja barua yako. Basi juzi Jumamosi nilikwenda kwa Padre Fulgensi. Dada, sijawahi kutembea njia ndefu kama ile ya kutoka kwangu hadi kanisani, na wewe unajua ni pale tu. Padre ni mtoto wa Kindamba, amelelewa na bibi yake, sikuhitaji kumweleza mara mbili. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akaniuliza zilikuwa za nani. Nikamjibu za mama yangu, yule aliyemzika yeye mwenyewe kwenye mvua. Kisha akasema yeye hawezi kuzigusa. Akanipa ufunguo wa kanisa, akatoka nje, akasimama ametugeuzia mgongo mpaka nimalize. Nilipanda kwenye kigoda nikamfungua Bikira Maria kidani kisogoni, namwomba radhi kwa sauti kama mtu aliye hai.

Ziko hapa sasa. Nimezifumua nikazitunga tena mistari mitatu, bluu nimezirudisha kadiri ninavyokumbuka, pingili ubavuni. Lakini hazijarudi zilivyokuwa. Baadhi nilikuwa nimezisaga kingo kwenye jiwe ili zilingane, na kilichosagwa hakirudi. Na uzi wa mama haupo. Niliukata vipande nikautupa jikoni, motoni, ukanuka mafuta ya nyonyo na ukanuka mama mwenyewe, nami nikaendelea na kazi. Huu ulioko sasa nimeusokota mimi, pamba, juu ya paja kama alivyokuwa anafanya yeye. Ni uzi mzuri, lakini ni wangu.

Na hapa ndipo nilipokuwa nazunguka mbuyu tangu mwanzo wa barua. Lile nililowaambia wazee ni uongo. Hakuna mtoto aliyeparamia beseni, watoto walikuwa shule. Nilikaa chini mimi mwenyewe, mwezi wa nne, mchana kweupe, nimefunga mlango kwa komeo, nikafungua leso nikachukua mkasi. Nilijua ni za kiunoni. Nilijua ni za mama. Nilijua ni zako, na hilo ndilo lililonishikisha mkasi.

Mama aliumwa kwangu tangu kabla ya Noeli. Nilimlisha uji kwa kijiko, nilimgeuza, nilimsafisha mambo ambayo mama hataki mwanawe ayaone. Sikulalamika. Lakini siku zile za mwisho, homa imempanda, aliacha kuniita Balbina. Aliniita Mina. Mina nipe maji. Mina nifunike. Mara ya kwanza nilimwambia, mama, ni mimi Balbina, Mina yuko Kidatu amejifungua. Akageukia ukutani akalia kama mtoto mdogo. Basi alipoita tena nikaitika. Nikasema naam mama, ni Mina, nimefika. Dada, ungeuona uso wake! Mimi mama hajawahi kunitazama vile, toka nimezaliwa.

Akauvuta mkono wangu akauweka kiunoni mwake, juu ya shanga. Akasema chukua Mina, utamfunga Sada siku yake. Nikasema asante mama. Nilipokea kwa jina lako huku moyoni nakuchukia. Wewe ulikuwa mbali, hukumshika, hukumfulia, na wewe ndiye uliyeitwa. Nikajiambia, aliyetazamwa ni mimi, aliyepewa ni mimi, basi ni zangu, na nitazigeuza kitu ambacho hakuna atakayejua kwamba kilikuwa cha Mina. Nikakitengeneza, nikakitundika nyuma ya pazia, na shingoni mwangu sikuthubutu kukivaa hata siku moja. Hiyo ndiyo kweli. Wivu tu, dada, wivu wa mtu mzima mwenye watoto.

Shanga sitampa Gosbert. Njoo uzichukue, au ukiniruhusu nitazileta mwenyewe kabla ya harusi na nitampigia Sada magoti. Kama hutaki kuniona nitaelewa, Bibi Kristina amesema yuko tayari kupanda treni na uzee wake huo.

Nawasalimu watoto wote mmoja mmoja. Bibi harusi wetu mpe hongera, mwambie baba mdogo Deogratias anamkaushia kambare wa kutosha, hilo halihusiani na makosa yangu. Bibi Kristina anakusalimu, Mama Yosefina anakusalimu na hajui aanzie wapi.

Na shemeji Sefu msalimie. Lakini salamu za shemeji si zangu, na ndizo jibu la swali lako la pili. Ni za mama. Baada ya kunipa shanga hakuniachia mkono. Alisema Mina, mimi ndiye niliyekosa, si wewe. Alisema mwanamume uliyemchagua amekutunza, na yeye kwa kiburi chake amekaa miaka yote hiyo bila kuonja chakula cha mwanawe, na harufu yake ilikuwa inamfikia kutoka kwa majirani. Akasema mvua ikipungua umlete Sefu amsalimie, na kama atakuwa ameshakwenda, umfikishie salamu zake, umwambie anamwita mwanangu. Nilimwitikia kwamba nitazifikisha. Mwezi wa tatu ukaandika kuniuliza, nami nikakujibu kwa mkono wangu huu kwamba hakusema kitu.

Zimefika leo, dada. Mama alizituma Februari, mimi ndiye niliyezikalia.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na uso wa kukutazama,
Balbina